Wimbo wa Ng'ombe katika Bonde Lisilo na Ng'ombe

Mtoto asiyeweza kutulia, nyumbani kwetu aliambiwa amekalia siafu. Mimi niliambiwa hivyo na mama, na baba, na hata na sista aliyetufundisha darasa la tatu, ambaye alinihamishia dawati la peke yangu ili miguu yangu isimpige mwenzangu. Sikuwa mtundu wa kuiba wala wa kupigana. Ila nikikaa, kitu ndani yangu kilisimama, na nikisimama, kilitaka kwenda. Kwenda wapi, sikujua.

Tulikaa Mlabani, Ifakara, miaka ya hamsini. Baba alikuwa seremala katika karakana ya misheni. Shule zikifungwa, mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana, na kazi hiyo niliipenda kwa sababu ilikuwa kazi ya kutembea.

Mkuu wa karakana alikuwa bruda mmoja wa Kizungu, mfupi, mabega mapana, ndevu za rangi ya matofali. Alitoka nchi ya milima yenye theluji. Tulimwogopa kidogo kwa sababu alipokuwa akipima mbao hakuitikia salamu ya mtu yeyote, hata ya padri.

Siku moja alikuwa juu ya paa la ghala jipya, anapigilia bati. Mimi nilikuwa chini na sufuria ya baba kichwani. Akaacha nyundo, akaangalia upande wa mbugani, akaanza kuimba. Alianzia chini, kifuani, sauti ya mtu aliyebeba gogo. Halafu ghafla sauti ikavunjika, ikaruka juu ikawa ya mwanamke, ikaanguka tena chini, ikaruka tena, mara nne, mara tano, mpaka sikujua ni mtu mmoja anaimba au ni wawili wanagombana. Maneno hayakuwemo. Ilikuwa sauti tupu.

Muziki niliujua kiasi changu. Nilijua nyimbo za Kilatini za kanisani. Nilijua ngoma za harusi za Wapogoro, ndugu zake mama, na nyimbo za wavuvi wa Kindamba. Nilijua hata santuri za duka la Mhindi, ambazo tulizisikiliza kutoka barazani mpaka tufukuzwe. Katika hizo zote sauti ilitembea njiani kama mtu mwenye adabu. Hii iliruka mitaro. Kwanza nilicheka. Halafu kicheko kikakatika, nikasikia kifua kinawasha ndani, mahali ambapo mkono haufiki. Baba alinikuta nimesimama palepale, ugali umepoa.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilitaka kuitoa sauti ile kwenye koo langu na koo halikutaka. Nilijaribu nikienda kisimani, nikitwanga, nikichuma kisamvu nyuma ya nyumba. Nilitoa mlio wa mwanambuzi, halafu wa jogoo mgonjwa. Asubuhi moja nilijaribu kwa nguvu zangu zote, na kabla sijamaliza majirani wawili walikuwa wameshafika uani, mmoja bado anafunga kanga.

"Nani kajifungua?" aliuliza yule wa kwanza.

Mama alitoka jikoni. "Kajifungua wapi?"

"Si tumesikia vigelegele hapa."

Mama akaniangalia. Majirani nao wakaniangalia. Nilichukua ndoo nikaenda kisimani, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Nikaona kwamba peke yangu sitafika. Siku ya pili nilipompelekea baba chakula nilipita moja kwa moja hadi kwa bruda, aliyekuwa ananoa randa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bruda."

"Milele amina." Hakuinua macho.

"Bruda, ile sauti ya juu ya bati, unaifanyaje?"

Hapo aliinua macho. Akatazama kwanza upande wa baba, aliyekuwa anapasua ubao mwisho wa karakana, halafu akanitazama mimi.

"Ile si wimbo ya kanisa," alisema. Kiswahili chake kilikuwa hivyo, kimepinda hapa na pale, lakini kilifika. "Ile ni wimbo ya ng'ombe."

"Ng'ombe wanaimba?"

Alicheka mpaka akaweka randa chini. Akanieleza kwamba kwao milima ni mikubwa, ng'ombe wanalisha upande huu na mchungaji yuko upande ule. Ukiita kwa sauti moja, upepo unaichukua. Ukiita kwa sauti mbili, inafika. Wenyewe wanaiita yodeli. Baba yake aliimba hivyo, na babu yake. Nikamwambia kwetu hakuna ng'ombe, mbung'o wanawaua. Akasema anajua, na kwamba hilo lilikuwa jambo la kwanza aliloliona alipofika: asubuhi bila kengele za ng'ombe.

Kisha akaweka kiganja kifuani. "Hapa chumba moja." Akakiweka utosini. "Hapa chumba ya pili. Katikati iko mlango. Mwalimu wa kwaya anafundisha wewe kupita polepole, mtu asisikie mlango. Sisi tunapiga mlango teke."

Akaniimbia kwa sauti ndogo, pale pale kati ya maranda ya mninga. Nikajaribu. Mlango haukufunguka. Nikajaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne, nikiwa nimekwisha kukata tamaa, koo likaachia lenyewe, sauti ikaruka juu na kusimama huko. Bruda alipiga kofi moja kubwa. Baba aligeuka, msumeno mkononi, akatutazama kwa muda, akarudi kwenye ubao wake.

"Na mlima unajibu," bruda aliniambia siku hiyo. "Wewe unaimba, unanyamaza, mlima unaimba. Huo ndiyo utamu yake. Hapa..." Alinyoosha mkono kuelekea mbugani, kwenye ile nyika ya majani na maji isiyo na mwisho. "Hapa unaimba, inakwenda. Hairudi."

Ingekuwa heri asingeniambia hilo.

Kwanza niliharibu kanisani. Nilikuwa kwenye kwaya ya watoto, na Jumapili moja, katikati ya Gloria, kwenye mpando wa sauti ambao tulikuwa tumefundishwa kuupita taratibu, mguu wangu wa ndani ulipiga mlango teke. Sikukusudia. Kanisa zima lilisikia. Mbele, wavulana wa altare walianza kutetemeka mabega kwa kicheko. Mwalimu wa kwaya alingoja mpaka misa ilipokwisha, ndipo akamfuata baba nje na kumwambia mbele ya watu kwamba mtoto wake asirudi kwenye kwaya mpaka akili yake itulie.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika aliniambia, "Chakula changu atakileta mdogo wako."

Basi karakana ikafungwa kwangu. Lakini msimu wa ndege ulikuwa umefika, na sisi, kama watu wote wa Ifakara wenye mashamba ya mpunga, tulihamia shambani. Letu lilikuwa ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Lupiro. Baba alibaki mjini na kazi yake pamoja na mdogo wangu, wakitujia Jumamosi. Mama alikwenda na mtoto mchanga mgongoni, na mimi. Yeye alikaa shamba la juu, kwenye dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia mpunga. Mimi nilipewa dungu la shamba la chini, karibu na matete, na kombeo, na madebe mawili ya kugonga. Kazi ilikuwa kuamia ndege, yaani kuwafukuza, tangu alfajiri hadi jua kuzama. Kwelea wanapoteremka, shamba linageuka rangi. Ukichelewa kidogo unabaki na mabua.

Pale hapakuwa na kwaya wala jirani. Niliacha madebe nikatumia koo. Ndege walinyanyuka kwa makundi, wakazunguka, wakatua shamba la mbele. Mama alipiga kelele kutoka juu, "Hiyo inafaa! Endelea!" Hilo lilikuwa neno la kwanza zuri kusemwa na mtu wa nyumbani kuhusu sauti ile, na kwa siku mbili tatu nilitosheka.

Halafu nikaanza kusikiliza baada ya kuita. Niliita, nikanyamaza, nikangoja. Hakuna. Sauti ilipita juu ya mpunga, juu ya matete, juu ya mto, ikaenda zake. Upande wa kusini, mbali, ilionekana milima ya Mahenge, nyumbani kwao mama, ya bluu asubuhi na ya kijivu mchana. Nilikwenda huko mara moja tu, nikiwa mdogo wa kubebwa. Kila nilipoita niligeukia huko. Chakula kilinishinda. Nilishuka dunguni na kupanda, kushuka na kupanda, mpaka ngazi ikalegea.

Asubuhi moja niliona wanawake watano wanapita njiani, mizigo ya samaki wakavu kichwani, wanakwenda kuuza Mahenge. Wa mbele alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha jirani aliyetujua vizuri. Niliwatazama mpaka wakapotea. Nikashuka. Nikaenda ukingoni mwa mto, nikanywa maji, nikaacha kibuyu changu pale kwenye tope kwa sababu kilikuwa kizito, nikakanyaga majani mpaka njiani, nikakimbia.

Niliwakuta mbali, jua limeshapanda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unatoka wapi na jasho hili?"

"Mama amenituma kwa bibi, Mahenge."

"Peke yako? Msimu wa ndege?"

"Amesema nikufuate wewe."

Alinitazama sana. Lakini ilikuwa mbali mno kunirudisha, na samaki hawangoji. Akanipa kifurushi chake kidogo nibebe. Tulitembea siku ile nzima, tukalala kwa ndugu zake kijijini, na asubuhi njia ikaanza kupanda. Mimi, ambaye mama alisema natembea kama niliyefukuzwa, nilitembea mbele ya wote. Hewa ikawa baridi. Njia ilikata kona, na ng'ambo ya bonde dogo nikaona jiwe kubwa jeusi, refu kuliko kanisa letu, linatiririka maji.

Nikatua kifurushi, nikaita.

Sauti yangu ilitoka, ikapiga teke, ikaruka. Nikanyamaza. Na mtoto mwingine, ng'ambo ya pili, akapiga teke akaruka. Halafu wa tatu, mdogo zaidi, kwa mbali.

Wanawake walisimama wote. Bibi alishika mzigo wake kwa mikono miwili.

"Nani yule?"

"Ni mimi, Bibi."

"Najua wewe ni wewe. Yule mwingine?"

"Ni mimi vilevile."

Mmoja wao alianza kucheka, na wenzake wakamfuata, lakini bibi hakucheka. Aliniambia niokote kifurushi, mahali pale si pa kuchezea. Nikaomba niite mara moja tu. Akakubali kwa kichwa. Niliita, nikajibiwa, na mwili wangu wote, miguu, mikono, kifua, ukatulia. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Nilisimama kama watu wengine wanavyosimama. Utulivu huo ulidumu mpaka kona iliyofuata.

Bibi mzaa mama alikuwa anaanika mahindi tulipofika alasiri. Nilimwamkia, nikaanza kusema maneno niliyoyatunga njiani. Hakuniacha nimalize.

"Mwanangu hawezi kutuma mtoto msimu wa ndege," alisema. "Mama yako anajua uko hapa?"

Nikaangalia ungo wake.

"Anajua?"

"Hajui, Bibi."

Akaweka ungo chini. Akamwita mjomba, akamwambia atie upepo baiskeli na aondoke nami kabla ya jua kuchomoza. Jioni hiyo hakuna aliyenigombeza. Walinipa chakula wakaniangalia nikila, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mjomba alinipakia kwenye kiti cha nyuma. Tulishuka milima kwa kasi. Tulipopita lile jiwe sikufungua mdomo. Mchana, tulipokaribia shamba, tuliona watu wamejaa ukingoni, mitumbwi kwenye matete, wanaume wanachoma upondo, ile miti ya kusukumia mitumbwi, majini. Mama alikuwa amekaa chini, peke yake, mtoto amelala pajani. Kibuyu changu kilikuwa mbele yake.

Walikuwa wamekikuta siku ile ile niliyoondoka, pamoja na alama za miguu yangu kwenye tope, zinazoelekea majini. Mamba alikuwa amemchukua mwanamke mmoja sehemu zile mwaka uliopita. Hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa siku mbili walikuwa wanatafuta mwili.

Mama aliniona nikishuka kwenye baiskeli. Hakupiga kelele. Alinyanyuka, akampa mwanamke wa karibu mtoto, akaja akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanifungua mdomo akatazama ndani, sijui alikuwa anatafuta nini. Kisha akakaa tena chini.

Baba alitoka kwenye mtumbwi, maji mpaka kiunoni. Nyuma yake alitoka bruda, kanzu ameifunga kiunoni kwa kamba, uso umeungua na jua. Alikuwa amevuka pamoja na baba mara walipopata habari. Baadaye baba alinisimulia. Siku zote mbili, wengine walipokuwa wanachoma upondo, bruda alisimama mbele ya mtumbwi akaimba ule wimbo wake kuelekea kwenye matete, akanyamaza, akasikiliza, akaimba tena. Alikuwa anawaambia wavuvi kwamba kama mtoto yuko hai mahali fulani amekwama, hii ataijibu. Aliimba mpaka koo likafunga kabisa.

Sasa alisimama mbele yangu. Alitaka kusema ikashindikana. Akainama karibu na sikio langu.

"Ulikwenda wapi?" Ilikuwa pumzi tu, bila sauti.

"Milimani, Bruda. Mahenge."

Akafumba macho. Watu wote walikuwa wametuzunguka, baba ameuma meno, na mimi nilingoja kofi kutoka upande wowote.

"Ilijibu?" aliuliza bruda.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Aliona aibu palepale kwa kuuliza, nilimwona. Akamgeukia baba, akaweka mkono kifuani, akasema kwa pumzi hiyo hiyo, "Fundi, kosa ni langu. Mimi nilimwambia habari ya mlima."

"Wewe ulimwambia, Bruda," baba alisema. "Miguu ni yake."

Sikupigwa. Adhabu ilikuwa nyuma yetu, na hakuna aliyehitaji kuionyesha kwa kidole. Kwa siku zile, mama, majirani, watu wa mashamba yote ya karibu walikuwa mtoni wananitafuta, na hakuna aliyeamia ndege. Shamba la chini lilikuwa mabua matupu. La juu lilibaki nusu. Majirani wawili walipoteza sehemu ya mpunga wao kwa ajili yangu, na walipokuja kumpa mama pole, nilikwenda kujificha nyuma ya dungu. Mwaka ule tulikula mihogo na mboga za majani, na mpunga kidogo uliopatikana mama aliuficha kwa ajili ya mbegu.

Karakana sikurudi. Bruda alipelekwa misheni nyingine, juu ya bonde, kabla ya mwaka kwisha. Alikuja kutuaga, akala mihogo yetu, sauti yake imerudi lakini ina mkwaruzo. Hakuimba na sikumwomba. Kwaya walinirudisha, nikajifunza kupita mlangoni polepole. Shambani nilirudi kwenye madebe. Niligonga mchana kutwa bila kupumzika, na ndani kila kitu kilikuwa kinaruka.

Mwaka uliofuata mpunga ulikuwa mzuri. Tulikuwa tunapepeta, mama na mimi, upepo unatusaidia. Mama akaniuliza bila kuinua uso:

"Huko mlimani, ulisimama wapi?"

Niliweka ungo wangu chini. Nikamweleza: kona, bonde dogo, jiwe jeusi linalotiririka.

"Ukaita."

"Ndiyo, Mama."

"Likajibu mara ngapi?"

"Mbili. Ya pili ilikuwa ndogo."

Akaacha kupepeta. "Tatu," alisema. "Wewe ulisimama juu sana. Ukishuka kidogo, penye maji, linajibu mara tatu. Mimi na marehemu dada yangu tulikuwa tunapita pale kufuata kuni. Tulikuwa tunaliitia majina ya wavulana, tukisikia yanarudi tunakimbia."

Nilimtazama. Sikuwahi kumfikiria mama akikimbia.

"Ungeniambia," alisema, "ningekupeleka." Akachukua ungo wake tena, na makapi yakaanza kuruka.

Hatukwenda. Mwaka huo kulikuwa na mtoto mwingine njiani. Mwaka uliofuata maji yalikuwa mengi mno. Baadaye nilikwenda shule ya bweni, na baadaye chuo cha ualimu, nikaolewa, na kila nilipokuja nyumbani tulisema safari hii tutakwenda, mpaka magoti yake yakakataa milima. Nimepita pale mara nyingi tangu hapo, kwa lori na kwa basi, nikibanwa kati ya watu na mizigo. Mara mbili nimemwomba dereva asimame kidogo tu penye maji. Mara zote mbili alisema tumechelewa.